Nyumba ni yake, shamba si lake

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, mzaliwa wa Lamu. Dalali amenionesha nyumba ya mawe huko Maweni, vyumba vinne, paa la mabati. Mzee anayeuza anataka shilingi milioni moja na laki mbili. Amenitolea karatasi tatu: makubaliano aliyonunulia mwaka 1998 yenye muhuri wa chifu, bunda la risiti za kodi ya ardhi anayomlipa mwenye shamba kila mwezi, na kopi ya taito yenye jina la mtu mwingine. Dalali anasema makaratasi yote yapo, nitoe arubuni ya laki tatu kabla ya Ijumaa. Pesa zangu ni za fungu langu la nyumba ya marehemu baba, mtaa wa Mkomani, Lamu. Kaka zangu wamenilipa nusu, nusu nyingine wameniahidi. Nasikia watu wakitaja frihodi, lisi, sachi, kaveati, wakfu, nami naitikia tu kama nimeelewa. Nieleze maneno haya, na uniambie kama ninunue.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza hiyo arubuni ya Ijumaa usiitoe. Dalali akipiga simu mwambie karatasi ziko kwa wakili. Nyumba ikiuzwa kwa mwingine wiki hii, haikuwa riziki yako.

Sasa tuzisome hizo karatasi, maana jibu kubwa tayari unalo mkononi. Taito ina jina la mtu mwingine. Risiti zinaonesha mzee analipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba. Mtu hamlipi mwenzake kwa kukaa juu ya udongo wake mwenyewe. Ukiziweka mbili hizo pamoja zinasema neno moja: mzee ana nyumba, hana shamba. Anachokuuzia ni kuta, paa, milango na madirisha. Udongo unaovibeba una mwenyewe, na jina lake ndilo ulilolisoma kwenye kopi. Kwa hiyo taito ile si karatasi ya nyumba unayouziwa. Ni karatasi ya mtu ambaye hajaulizwa chochote.

Simwiti mzee mwizi. Hapa Pwani jambo hili lina jina, nyumba bila shamba, na utalikuta Malindi na Mombasa mitaa mizima. Mtu wa bara akilisikia hustaajabu, kwa sababu sheria iliyokuja na Waingereza huhesabu ardhi na kilichojengwa juu yake kuwa kitu kimoja: mwenye udongo ndiye mwenye ukuta. Wazee wetu hawakuhesabu hivyo. Shamba laliweza kuwa la mtu mmoja, minazi ya mwingine, na nyumba iliyo kivulini mwa minazi ile ya mtu wa tatu, na wote wakaamkiana asubuhi. Mtu alirithi miembe mitatu katika shamba lisilo lake na kila msimu akaja kuangua bila kuulizwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika mkataba wa mauziano ya minazi bila hata shubiri moja ya ardhi ndani yake, na pande zote mbili ziliondoka ofisini zimeridhika. Desturi hii ilikuwa na adabu yake. Shida ni kwamba adabu haiandikwi kwenye rejista, na mwenye shamba aliyeijua akifa, warithi wake walioko Nairobi au Ughaibuni huijua rejista tu.

Ili uelewe kwa nini watu wengi hivi wamejenga juu ya ardhi ya wengine, nikurudishe nyuma kidogo. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1888 uendeshaji wake ulikabidhiwa kampuni ya Waingereza, mwaka 1895 ukaingia mikononi mwa serikali yao, na 1963 ukawa sehemu ya Kenya huru. Katikati ya hapo, mwaka 1908, ilitungwa sheria ya hati za ardhi za ukanda huu. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa afike kwa afisa wa kurekodi hati akiwa na ushahidi wake, apewe cheti cha umiliki. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikawa ya serikali. Waliokuwa na maandishi, mashahidi na mtu wa kuwasomea tangazo walipata vyeti. Wamijikenda wengi waliolima ardhi hiyohiyo, waliojua mpaka kwa mbuyu na kwa kaburi la babu, hawakupata. Wajukuu wao ndio leo huitwa maskwota mahali walipozaliwa. Jambo hili linaniuma kila ninaposimama mahakamani upande wowote wa kesi hizi, na sitaki ulichukulie kuwa hadithi ya zamani: ukisoma taito ya shamba la mjini Malindi, mara nyingi mizizi yake inashuka mpaka kwenye cheti cha enzi zile. Sheria ya 1908 ilifutwa mwaka 2012 pamoja na nyingine kadhaa, ikaja Sheria ya Usajili wa Ardhi, lakini haki zilizoandikwa chini yake hazikufutika.

Basi mzee wako, kisheria, ni nani? Sheria ya Ardhi ya 2012 humtazama anayelipa kodi ya mwezi, bila mkataba wenye muda, kuwa mpangaji wa kipindi kwa kipindi. Kipindi ni kile anacholipia. Akilipa kwa mwezi, upangaji wake ni wa mwezi, na notisi ya kuuvunja inatakiwa isipungue kipindi hicho. Fikiria hilo vizuri, mwanangu. Nyumba ya milioni moja na ushei imesimama juu ya haki ya mwezi mmoja mmoja.

Najua watakalokwambia majirani: mzee amekaa tangu 1998, na mtu akikaa miaka 12 ardhi inakuwa yake. Neno hili limeharibu watu wengi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Sheria ya ukomo wa kesi inasema mwenye ardhi akikaa miaka 12 bila kumdai mtu aliyeivamia na kuikalia waziwazi, bila ruhusa yake na mfululizo, anapoteza haki ya kumtoa, na mkaaji anaweza kwenda mahakamani atangazwe kuwa mwenyewe. Zingatia hayo maneno bila ruhusa yake. Anayelipa kodi amekaa kwa ruhusa. Kila risiti katika bunda la mzee ni ushahidi kwamba alimtambua mwenye shamba mwezi ule. Angekaa miaka 40 kwa namna hiyo, hesabu ya miaka 12 isingeanza. Na ardhi ya umma haichukuliwi kwa njia hii hata ukikaa miaka mia.

Niliwahi kumtetea mama mmoja wa mji huuhuu, muuza viazi karai. Alinunua nyumba ya udongo bila shamba, akaibomoa, akajenga ya mawe chumba kwa chumba kwa muda wa miaka tisa. Mwenye shamba alipofariki, warithi waliuza ploti kwa mtu wa nje. Notisi ilikuja. Tulipata muda wa ziada na fidia kidogo ya kumwonea huruma, na siku ya mwisho nilimkuta amepanga milango yake sita ukutani kwa jirani, kwa sababu milango ndiyo pekee iliyoweza kubebeka. Sijaisahau ile safu ya milango. Nakuandikia jibu refu kwa ajili yake pia.

Nyumba bila shamba yaweza kununuliwa kwa usalama, lakini unayepaswa kuzungumza naye ni mwenye shamba. Kuna mambo mawili ya kumwomba. La kwanza, akuuzie na udongo wake, kisha ukatiwe ploti na kupata taito kwa jina lako. La pili, kama hataki kuuza, akupe lisi.

Hapo tumefika kwenye maneno yako. Frihodi ni umiliki usio na mwisho: ardhi ni yako, unaiacha kwa watoto wako, nao kwa wao, na hakuna siku ya kuirudisha. Lisi ni haki ya kuishika ardhi kwa muda uliotajwa, kwa masharti yaliyotajwa, halafu inarudi kwa mwenyewe. Lisi yaweza kutoka kwa serikali au kwa mtu binafsi, na zote mbili husajiliwa. Ukisajili lisi ya miaka 50 kwa jina lako juu ya ploti ile ya Maweni, warithi wa mwenye shamba wakiuza kesho, mnunuzi ananunua pamoja na wewe ndani yake. Haki yako haikai tena kwenye moyo wa mtu, imekaa kwenye rejista. Masharti yatajwe humohumo: kodi ni ngapi na inapandaje, kama unaruhusiwa kuongeza orofa, kama unaweza kuuza bila kuomba ruhusa, na muda ukiisha nani anabaki na jengo. Hilo la mwisho usilipite haraka.

Kwa lisi yoyote, hesabu miaka iliyobaki, si iliyoandikwa. Nimeona mtu akifurahia lisi ya miaka 99 iliyoanza 1930. Toa mwenyewe uone imebaki nini. Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kushika ardhi kwa frihodi, ni kwa lisi isiyozidi miaka 99 tu, na haki yoyote kubwa zaidi aliyokuwa nayo huhesabiwa kuwa lisi ya miaka 99. Hapa Malindi, ambapo Waitaliano wamejenga tangu enzi za wazazi wetu, hili linagusa nyumba nyingi za kando ya bahari. Ukiuziwa na mgeni nyumba anayoiita yake milele, kuna kitu hakijakaa sawa. Hapohapo ukumbuke kuwa ufuo ulio kati ya maji kupwa na maji kujaa ni ardhi ya umma, na taito ya mtu yeyote haifiki huko.

Usichanganye kodi tatu, kwa kuwa zote watu huziita kodi ya ardhi. Iko ile ya mwenye shamba, ambayo mzee analipa. Iko kodi ya lisi inayolipwa serikali kuu na wenye lisi za serikali. Na ziko reti, ushuru wa ardhi wa kaunti, ambao hapa Malindi hukusanywa na Kaunti ya Kilifi. Mwenye shamba akikubali kukuuzia, uliza deni la reti kwanza. Nimeona malimbikizo yaliyokaribia bei ya ploti yenyewe, na bila cheti cha kuonesha reti zimelipwa mauziano hayasajiliwi.

Sachi ni kuuliza rejista ya ardhi inasema nini leo juu ya ploti fulani. Kopi ya taito inakwambia rejista ilisema nini siku taito ilipochapishwa, pengine miaka 20 iliyopita. Hatuamini kopi, tunaamini sachi. Kabla hujapanda matatu angalia namba ya ardhi. Ploti nyingi za mjini Malindi zina neno potioni, namba, na jina la Malindi, pamoja na namba ya rejista ya Pwani, na hizo kwa desturi faili zake zimekaa Mombasa. Zenye mtindo wa jina la kata na mgawo, kama zile za Jimba na Gede, ziko Kilifi. Watu hupoteza siku nzima kwa kwenda mji usio wenyewe.

Jibu la sachi lina sehemu tatu. Ya kwanza inaieleza ardhi: ukubwa, ramani, ni frihodi au lisi. Ya pili inamtaja mwenyewe. Ya tatu ni ya mizigo, na hiyo ndiyo nawataka wateja wangu waisome kwanza. Humo utakuta rehani kama benki imekopesha pesa kwa dhamana ya ardhi hiyo. Mkopaji akishindwa kulipa, benki inampa notisi ya miezi 3 kisha nyingine ya siku 40, halafu inaruhusiwa kuuza. Humo pia utakuta vizuizi vya aina tatu, ambavyo mtaani vyote huitwa kaveati. Kaveati yenyewe huwekwa na mtu anayedai ana haki fulani katika ardhi ile, kwa mfano mnunuzi aliyekwisha kulipa sehemu. Amri ya zuio hutolewa na mahakama. Kizuizi cha msajili huwekwa na msajili wa ardhi mwenyewe, mara nyingi akishuku udanganyifu. Kimojawapo kikiwepo, simama. Kaveati haisemi kwamba aliyeiweka ana haki, inasema tu kuna mtu anadai, na mnapaswa kumsikiliza kabla ya kuendelea.

Hata sachi safi haimalizi kazi. Zamani tulifundishwa kwamba aliyenunua kwa nia njema na kusajiliwa amelala salama. Sheria ya sasa inasema taito yaweza kubatilishwa si kwa udanganyifu tu, bali pia ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria au bila kufuata utaratibu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ploti ya ufuoni Nyali, kati ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa. Kampuni ile ilinunua kwa mtu aliyekuwa na taito, lakini ardhi ilipofuatiliwa mpaka mwanzo wake ikaonekana ilitolewa kwa mtu wa kwanza bila utaratibu. Taito ikaanguka mkononi mwa mnunuzi. Tangu hapo mimi sifungi faili bila kuuliza mzizi wa taito: ilitoka kwa nani, kwa karatasi gani, mwaka gani. Mwaka huohuo mahakama ileile ikasema katika kesi ya Torino Enterprises kwamba barua ya ugavi, ile ya serikali ya kumgawia mtu ploti, peke yake haimpi umiliki. Malindi kuna watu wameuziana barua hizo mikono minne mitano. Wanauziana ahadi.

Na yale makubaliano ya 1998 mbele ya chifu? Yana thamani yake, usiyatupe. Sheria ya mikataba inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Chifu anaweza kuwa shahidi kama mtu mwingine yeyote. Asichoweza ni kuhamisha umiliki. Umiliki huhama kwa msajili, kwa fomu ya uhamisho iliyosajiliwa, na muhuri wa chifu hata ukipigwa mara tatu hauifikishi karatasi huko. Kwa mzee, makubaliano yale yanathibitisha kwamba alinunua nyumba na kutoka kwa nani. Yasome tena kwa makini uone kama neno shamba limeandikwa popote. Nina hakika ya kutosha kwamba halimo.

Mambo mengine nitayapitia upesi kwa kuwa hayakugusi sana. Ingekuwa shamba la kilimo, tuseme upande wa Kakuyuni, tungehitaji idhini ya bodi ya ardhi, nayo iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba unabatilika na unabaki kudai pesa zako kama deni. Mwenye shamba akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenzake iandikwe. Gharama: ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, unaulipa wewe mnunuzi. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, na mkataba useme hivyo waziwazi ili asije akakusukumia. Mpe savea, mpima ardhi, kazi ya kutafuta bikoni, zile alama za mipaka, kabla ya kulipa, kwa sababu nyumba za Maweni zimekaribiana na ukuta mmoja waweza kuwa umekanyaga ploti mbili.

Wakfu umeuliza, nami nauchukulia kwa uzito kuliko yote. Ni mali ambayo mwenyewe aliitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, manufaa yake yaende msikitini, madrasa, kwa maskini, au kwa kizazi chake mwenyewe. Mali hiyo haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Anaweza kuwepo msimamizi anayepokea kodi yake na watu wakadhani ndiye mwenyewe, wakanunua kwake, nao wamenunua kisicho na muuzaji. Malindi na Lamu nyumba na mashamba ya wakfu ni mengi. Wazee wa mtaa huwa wanajua, kwa hiyo kabla ya kwenda kwa wanasheria nenda kwa imamu wa msikiti wa karibu ukamuulize ploti ile ina historia gani. Kisha uliza ofisi ya makamishna wa wakfu, Mombasa.

Kwa hiyo kwa Maweni ushauri wangu ni huu. Mwambie mzee akupeleke kwa mwenye shamba, au kwa warithi wake, mkae watatu. Akikubali kuuza udongo au kutoa lisi yenye muda, tufanye mkataba mmoja wa pande tatu, na arubuni isizidi asilimia 10, ikae kwa wakili mpaka karatasi zitimie. Na bei ishuke, kwa sababu milioni moja na laki mbili ni bei ya mtu anayeuza vyote viwili, naye mzee ana kimoja. Akikataa kukupeleka, umeshapata jibu la swali lako la mwisho.

Lakini ukweli, mwanangu, nilipomaliza barua yako sikuwa nikiiwazia Maweni. Niliwazia Mkomani.

Umeandika kwamba kaka zako wamekulipa nusu ya fungu lako, na nusu nyingine ni ahadi. Hukuandika kama kuna karatasi yoyote. Hukuandika kama mirathi ya baba ilipitishwa kwa kadhi. Sheria ya urithi hairuhusu mali isiyohamishika ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha nani msimamizi na nani mrithi wa nini. Kwa Waislamu hesabu ya mafungu ni ya sharia yetu ya dini, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike, mama yenu thumni yake, moja ya nane, ikiwa yu hai, na kadhi wa Lamu ndiye wa kuliandika hilo. Bila hati ya kadhi, kaka zako wamekulipa fungu ambalo bado halijapimwa, nawe huwezi kujua kama hiyo nusu ni nusu kweli.

Nyumba za mji wa kale zina ugumu wake. Mababu zetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, na binti akiolewa waliweza kumwongezea orofa juu, au wakavuka kichochoro kwa wikio kuunganisha nyumba mbili. Ndiyo maana leo orofa ya juu ni ya shangazi, ya chini ya ami, na wikio linalopita juu ya njia ya watu hakuna anayejua limo katika taito ya nani. Rejista haioni orofa. Inaona ploti moja yenye jina moja, mara nyingi la marehemu aliyezikwa kabla ya uhuru. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020 inaruhusu kila orofa iwe na hati yake, lakini inahitaji ramani ya savea na wenye nyumba wote wakubaliane, na kwa kuwa mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kugonga ukuta au kufungua mlango mpya bila idhini ya wahifadhi.

Kaka zako wakisajiliwa kwa pamoja, uliza ni pamoja ya namna gani. Iko ya mafungu, ambapo kila mtu ana sehemu yake iliyotajwa, akifa inakwenda kwa warithi wake. Na iko ya pamoja isiyogawika, ambapo mmoja akifa sehemu yake inaingia kwa waliobaki, watoto wake wakatoka mikono mitupu; hii, tangu sheria ya 2012, mpya haiundwi ila kati ya mume na mke, isipokuwa mahakama iruhusu. Kwenye usajili wa zamani, neno moja kwenye fomu ndilo lililotenganisha hayo mawili.

Wewe ndiye unayehitaji kaveati, kule Lamu. Unayo sababu halali ya kuiweka mpaka nusu yako ilipwe, na ukiiweka kaka zako watapewa taarifa na msajili, kwa hiyo waambie wewe mwenyewe kwanza, kwa mdomo wako, ukiwa umekaa nao barazani. Usiiweke kwa kisirani, kwa kuwa sheria inamtoza fidia anayeweka kaveati bila sababu. Na karatasi yoyote ya kusema umejiondoa katika mirathi, usitie saini hata wakikuletea kaka wa kwanza na wa mwisho pamoja, mpaka fungu lako liwe limekamilika.

Kama unayo kopi ya taito ya Mkomani, au hata cheti cha kale kilichochakaa, kipige picha pande zote mbili uniletee. Nataka kuona jina lililoandikwa ni la baba yako au la babu yake, na nyuma yake kuna nini.